Kupima mifupa: DXA, CT au ultrasaundi ya kisigino?

Karatasi ya majibu ya DXA, kipimo cha eksirei kinachopima msongamano wa madini ya mifupa, huwa na picha ya mifupa upande mmoja na jedwali la namba upande mwingine. Karibu kila anayeipokea hukimbilia jedwali. Sisi tunaanza na picha, kwa kuwa kila namba iliyomo imetokana na mistari ambayo kompyuta na fundi wameichora juu yake. Mstari ukikaa kombo, namba nayo hutoka kombo, tena imechapwa vizuri kabisa na desimali zake tatu. Ndiyo maana katika kulinganisha vipimo hivi hatukuuliza kipi ni cha kisasa zaidi. Tuliuliza: kikikosea, kosa lake litaonekana?

DXA

Mashine ni meza ndefu yenye mkono unaopita juu ya mgonjwa. Chini ya godoro kuna chanzo cha eksirei kinachotoa miali ya nguvu mbili. Kwenye mkono kuna kipokezi. Nyama na mfupa hunyonya miali hiyo kwa viwango tofauti, na kwa sababu nguvu ni mbili, kompyuta hupata namna ya kutenganisha nyama ni kiasi gani na madini ya mfupa ni kiasi gani. DXA iliingia sokoni 1987 na kuzistaafisha mashine zilizotumia gadolini-153, chanzo cha mionzi kilichokuwa kikipungua nguvu siku hadi siku na kulazimu kununuliwa kipya. Dozi yake ni mikrosivati chache. Kila binadamu hupata wastani wa mikrosivati 6 hadi 7 kwa siku kutoka ardhini, angani na chakulani bila kupigwa picha yoyote, kwa hiyo hofu ya mionzi si sababu ya kukwepa kipimo hiki. Anayesubiri ni mjamzito.

Hupimwa mahali pawili: pingili za kiuno L1 hadi L4, na nyonga moja. Kupima nyonga peke yake au kiuno peke yake ni nusu ya kazi, maana mtu anaweza kuwa salama huku na kuwa taabani kule, na uamuzi hufuata penye alama ya chini zaidi. Kigasha huongezwa pale nyonga au mgongo haupimiki, tezi za parathiroidi zinapofanya kazi kupita kiasi, au uzito wa mgonjwa unapozidi uwezo wa meza. Uwezo huo ni kama kilo 136 kwa meza nyingi za zamani na hufika kilo 204 kwa baadhi ya mpya. Uulizwe kwa simu, kabla mtu hajalipa nauli.

Majibu hutoka kwa gramu kwa sentimita ya mraba, kisha hugeuzwa kuwa alama ya T: umbali wa mgonjwa kutoka wastani wa wanawake vijana, ukihesabiwa kwa mkengeuko sanifu, yaani kadiri watu hao kwa kawaida wanavyoachana na wastani wao. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka yake 1994. Kuanzia −1 kwenda juu ni kawaida, kati ya −1 na −2.5 mfupa umepungua, −2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa dhaifu inayovunjika kirahisi. Mipaka hiyo ni ya wanawake waliokoma hedhi na wanaume wa miaka 50 na kuendelea. Aliye chini ya hapo husomewa alama ya Z, inayomlinganisha na watu wa umri wake, na ikifika −2.0 au chini huandikwa kwamba yuko chini ya kiwango kinachotarajiwa. Karatasi inayomwambia mama wa miaka 34 kwamba ana osteoporosisi kwa alama ya T pekee imeandikwa na mtu asiyejua kazi, au na programu ambayo hakuna aliyeisimamia.

Turudi kwenye picha. Ya mgongo ikiwa nzuri, pingili zimesimama wima katikati ya fremu, juu inaonekana nusu ya T12, pingili ya mwisho ya kifua, pamoja na ubavu wake, chini zinaonekana kingo za juu za mfupa wa kiuno kulia na kushoto. Kingo hizo na ule ubavu wa mwisho ndivyo vinavyotumika kuhesabia. Fundi akihesabu vibaya, L5 ikaitwa L4, jedwali zima linasogea hatua moja na hakuna kengele itakayolia. Miguu ya mgonjwa iwe juu ya boksi, mapaja karibu wima, ili kiuno kilale bapa mezani. Bila boksi mgongo unabaki na upinde na pingili zinapandana.

Nyonga ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka ya foleni. Mguu mzima unatakiwa kuzungushwa kuelekea ndani nyuzi 15 hadi 25 na kufungwa kwenye kibao cha pembetatu, ili shingo ya fupa la paja ilale sambamba na meza. Utajua imefanyika ukitazama kile kinundu kidogo kilicho upande wa ndani wa paja: kionekane kidogo tu au kisionekane kabisa. Kikijitokeza kama kidole gumba, mguu haukuzungushwa, shingo imepigwa picha ikiwa imefupika, na namba imepanda bure. Mara nyingi fundi huzungusha wayo tu huku paja likibaki palepale. Kwa macho, mgonjwa anaonekana amelala sawasawa. Ni picha inayosema ukweli.

Sasa tuchukue jedwali la mfano. L1 ina T ya −2.8, L2 −2.6, L3 −2.7, L4 −0.4. Mashine inajumlisha zote na kuandika chini kitu kama −2.0: mfupa umepungua, si osteoporosisi. Lakini pingili haipandi hivyo ghafla bila sababu. Ukiangalia picha, L4 ni nyeupe kuliko jirani zake na kingo zake zimeota midomo ya mfupa, uchakavu wa kawaida wa mgongo uliobeba ndoo za maji na magunia miaka 40. Madini ya midomo hiyo yamehesabiwa kama uimara, nayo si uimara. Kanuni ya ISCD, jumuiya ya kimataifa ya wapimaji wa mifupa, ni kwamba pingili iliyoachana na jirani yake kwa zaidi ya alama 1 itolewe, mradi zibaki angalau mbili. Toa L4, wastani unakuwa karibu −2.7 na matibabu yanabadilika. Pingili iliyobonyea nayo hudanganya kwa njia hiyohiyo, madini yaleyale yakiwa yamefinyangwa kwenye eneo dogo. Aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo ulioondoa mfupa wa nyuma husoma chini kuliko hali yake. Mshipa mkuu uliojaa chokaa hupandisha.

Kuna kosa jingine ambalo picha haitalionyesha, kwa kuwa limo ndani ya kanuni yenyewe. DXA huona kivuli, haioni unene. Chukua kibonge cha mfupa chenye upande wa sentimita 2 na kingine cha sentimita 3, vyote vya msongamano uleule wa gramu 0.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Cha kwanza kina gramu 2.4 juu ya kivuli cha sentimita 4 za mraba, kwa hiyo DXA itakipa 0.6. Cha pili kina gramu 8.1 juu ya kivuli cha 9, itakipa 0.9. Mfupa ni uleule, tofauti ni nusu nzima. Mtu mwenye umbo dogo huonekana ana mfupa mwepesi kuliko ulivyo, na mwenye umbo kubwa huonekana bora. Kwa watoto jambo hili ni zito mno. Mtoto aliyedumaa asisomewe DXA bila kurekebishwa kwa kimo.

Kisha kuna wakazi wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro na Bonde la Ufa, kuanzia vijiji vya Arumeru hadi Naivasha na Nakuru. Maji ya baadhi ya visima na mito huko yana floraidi kupita mbali kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Watu wanaijua kwa meno ya kahawia, ila floraidi huingia mifupani pia na kuifanya iwe mizito na myeupe kwenye eksirei. DXA ya mgongo wa mtu huyo inaweza kutoka juu kabisa ya kawaida, naye ana mfupa unaovunjika. Hili lilishaonekana hata kwa dawa. Katika utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa 1990, wanawake wenye osteoporosisi walipewa miligramu 75 za sodiamu floraidi kwa siku kwa miaka minne. Msongamano wa kiuno ulipanda asilimia 35, kuvunjika kwa pingili hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na kuvunjika kwa mifupa mingine kukaongezeka. Daktari anayepokea alama ya T ya +3 kutoka kwa mzee wa Arumeru aulize maji anayokunywa kabla ya kumpongeza.

DXA haitofautishi pia osteoporosisi na mfupa laini unaotokana na ukosefu wa vitamini D. Zote mbili husoma chini. Mwanamke aliyejifunika muda wote na kukaa ndani, mwenye maumivu ya mifupa na mwendo wa bata, apimwe damu kwanza: kalsiamu, fosfeti, alkaline phosphatase na vitamini D. Na mwenye selimundu mara nyingi ana kichwa cha paja kilichokufa kwa kukosa damu na pingili zilizobonyea katikati; picha yake isomwe na mtu anayejua anachokitafuta.

Kwa nini namba mbili hazilingani

Malalamiko makubwa kuhusu DXA ni kwamba mgonjwa amepima hospitali mbili na kupata majibu mawili. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Hologic na GE Lunar, majina mawili makubwa sokoni, huchora kingo za mfupa kila moja kwa njia yake na zina vigezo tofauti. Kwa kiuno cha mwanamke, wastani wa kijana kwa Hologic ni karibu 1.047 na mkengeuko wake 0.110, kwa Lunar ni karibu 1.18 na 0.12. Kwa hiyo −2.5 ni 0.772 kwenye mashine ya kwanza na 0.88 kwenye ya pili. Anayetoka kwenye Lunar mwaka huu na kwenda Hologic mwaka kesho ataambiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya mfupa, naye hakupoteza kitu.

Hata mashine ileile ina mtetemo wake. Kituo makini kimewapima wagonjwa 30 mara mbili mbili, au 15 mara tatu tatu, kila mara wakishuka mezani na kupanda upya, kikakokotoa kosa lake na kulizidisha kwa 2.77. Hapo ndipo hupatikana badiliko dogo kabisa linaloweza kuaminiwa. ISCD hairuhusu lizidi asilimia 5.3 kwa kiuno, 5.0 kwa nyonga nzima na 6.9 kwa shingo ya paja. Mgonjwa aliyetoka 0.850 hadi 0.825 ameshuka asilimia 2.9, na jibu la kweli ni kwamba hakuna badiliko linaloonekana. Kumbadilishia dawa kwa tofauti hiyo ni kubahatisha, na ndiyo sababu kurudia kipimo kila miezi sita, isipokuwa kwa anayetumia dozi kubwa za steroidi, ni kupoteza pesa. Muulize fundi kosa la kituo chao ni asilimia ngapi. Akitaja namba bila kufikiri, uko mahali pazuri. Akikuonyesha kijitabu cha kiwanda, hiyo ni namba ya kiwanda.

Swali la pili kwa fundi huyo: asubuhi ya leo mmepima kigezo? Kila mashine huja na mfano wa pingili uliozamishwa kwenye plastiki, ambao hupimwa kabla ya wagonjwa na matokeo kuwekwa kwenye chati. Nukta ikitoka nje ya asilimia 1.5 juu au chini ya mstari, mashine husimamishwa hadi sababu ijulikane. Mji ambao umeme hukatika na kurudi kwa kishindo unahitaji stabilaiza na betri nzuri nyuma ya DXA. Mashine inayozimwa na kuwashwa ovyo huanza kupotea taratibu, na chati ndiyo itakayoonyesha kwanza.

La tatu ni kigezo cha asili. Mashine huuliza asili ya mgonjwa, na baadhi ya programu hutumia jibu hilo kuchagua wastani wa kulinganishia. Wastani wa wanawake weusi wa Marekani uko juu kuliko wa weupe, kwa hiyo mwanamke yuleyule, mfupa uleule, atatoka na alama ya T ya chini zaidi fundi akibonyeza chaguo moja badala ya jingine. ISCD inashauri alama ya T ya kila mtu, mwanamke au mwanamume, wa asili yoyote, ihesabiwe kwa kigezo kimoja cha wanawake weupe vijana. Haki au si haki, angalau kila mtu yuko kwenye mizani moja. Karatasi nyingi huandika kigezo kwa maandishi madogo chini ya grafu, kisome.

CT

CT ni eksirei inayopiga mwili kipande kwa kipande, na ile iliyopangwa kwa ajili ya mfupa, QCT, inajibu lile tatizo la kivuli. Inaona unene, kwa hiyo hutoa miligramu kwa kila sentimita ya ujazo, na inaweza kuchungulia mfupa wa ndani wenye vijitundu kama sifongo bila kuchanganya ganda gumu la nje, midomo ya uchakavu wala chokaa ya mshipa mkuu. Mfupa wa ndani ndio unaopungua haraka baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo QCT huwahi kuona. Kwa mzee ambaye mgongo wake kwenye DXA ni vurugu tupu ya midomo na mapindo, au mtu wa umbo dogo au kubwa sana, tungeichagua bila kusita.

Kikomo chake hakifuati alama ya T. Kwa kiuno, chini ya 80 ni osteoporosisi, 80 hadi 120 mfupa umepungua. Tunasisitiza hili kwa sababu programu nyingine bado huchapa alama ya T ya QCT ya kiuno, na alama hizo hushuka kwa umri haraka kuliko za DXA. Ukizisoma kwa −2.5, nusu ya mabibi wa mtaa watakuwa wagonjwa. Nyonga ni habari tofauti, kwani kuna programu zinazoibapaza picha ya CT iwe kama kivuli cha DXA, na hiyo husomwa kwa mipaka ya kawaida.

Makosa ya QCT hutokea kabla picha haijapigwa. Chini ya mgonjwa huwekwa ubao wenye nguzo za madini ya kiasi kinachojulikana, ambao ndio mizani yenyewe. Kukiwa na mwanya wa hewa kati ya mgongo na ubao, mizani inayumba. Dawa yake ni mfuko wa jeli kati yao. Urefu wa meza usibadilishwe kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Dawa ya kung'arisha mishipa isidungwe kabla. Na uzeeni uboho hugeuka mafuta, mafuta hushusha namba, kwa hiyo mzee husoma chini kidogo kuliko ukweli. Dozi ndiyo bei halisi ya kipimo hiki: itifaki za kisasa za ujazo mzima hufika milisivati 1 hadi 3 kulingana na sehemu, mara mamia ya DXA. Kwa kupima mara moja si tatizo kubwa. Kwa kufuatilia kila mwaka hatuioni hoja.

Ila kuna CT ambayo imeshalipiwa. Mtu aliyepigwa CT ya tumbo kwa mawe ya figo ana L1 ndani ya picha hiyo, na daktari wa radiolojia anaweza kuweka duara kwenye sifongo ya katikati ya pingili, mbali na ganda na mshipa wa nyuma, na kusoma wastani kwa hesabu za Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye picha ya CT. Utafiti uliochapishwa 2013 huko Marekani, kwa picha za kilovolti 120, ulionyesha kwamba chini ya 110 osteoporosisi inawezekana sana, na juu ya 160 uwezekano wake ni mdogo. Katikati ni ukungu, mpeleke DXA. Kilovolti zikipunguzwa hadi 100 namba hupanda, na dawa ya mishipa nayo huipandisha. Duara hilo huchukua chini ya dakika moja. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo kinachopotezwa bure kuliko vyote. Picha hizohizo zikitazamwa kwa ubavu huonyesha pingili zilizobonyea ambazo ripoti, iliyoandikwa kwa ajili ya jiwe la figo, haizitaji kabisa.

Ultrasaundi ya kisigino

Hiki ndicho kipimo cha kambi za afya na mabanda ya maonesho: kikasha kidogo, mguu mtupu ndani, dakika mbili, karatasi inatoka. Hakina mionzi, kinabebeka kwenye bodaboda, bei yake ni ya chini kuliko vyote. Wazo la kupima kisigino kwa mawimbi lilianzishwa 1984, na kwa wanawake waliokoma hedhi na wazee limethibitika kuwa linaweza kutabiri kuvunjika nyonga. Hapo sifa zinastahili kuishia.

Mashine hupima mwendo wa sauti kwa mita kwa sekunde na kiasi inavyofifia kwa desibeli kwa megahezi. Baadhi huzichanganya kuwa namba moja ya ugumu: 0.67 mara ufifiaji, jumlisha 0.28 mara mwendo, toa 420. Mwenye ufifiaji wa 110 na mwendo wa 1540 anapata takriban 85. Angalia kilichomo: hakuna gramu, hakuna madini. Kisha karatasi huandika alama ya T, na mtu huisoma kama ya DXA. Alama ya −1.8 ya kisigino si −1.8 ya nyonga. Kila aina ya mashine ina mipaka yake, na mipaka ya 1994 haikuwekwa kwa ajili yake. Haifai kutambua ugonjwa kwa mipaka hiyo, wala haifai kufuatilia dawa, kwa kuwa badiliko la mwaka mzima ni dogo kuliko mtetemo wa kipimo chenyewe.

Na hapa swali letu la mwanzo linabana: mashine nyingi za kisigino hazina picha. Kisigino kilichopasuka kinashika vipovu vya hewa chini ya jeli, na hewa ndiyo adui wa mawimbi. Mguu uliovimba, mguu baridi uliotoka kwenye tope, wayo uliosogea nusu sentimita, vyote huingia kwenye namba na hakuna atakayejua. Kisigino kioshwe, kikaushwe, jeli ipakwe ya kutosha, na kipimo kirudiwe baada ya kutoa mguu na kuurudisha. Namba mbili zikiachana sana, hakuna jibu hapo. Tungekitumia kama mlango wa kuingilia tu, kuchagua nani apande basi kwenda mjini kwa DXA.

Ultrasaundi mpya zaidi, REMS, ya kampuni ya Echolight ya Italia, hupima kiuno na nyonga kwa kichwa cha kawaida cha ultrasaundi na kulinganisha mwangwi na hifadhi ya mifano. Inavutia, hasa kwa wajawazito na kwa mgongo uliochakaa. Gesi tumboni huikwamisha, mkono wa mpimaji una uzito mkubwa, na tunaiona bado ni msaidizi wa DXA.

Vilivyobaki

Eksirei ya kawaida haipimi. Mfupa huanza kuonekana mweusi kwenye filamu baada ya kupotea kama asilimia 30 hadi 40, na hata hapo mpigaji akiongeza nguvu kidogo mfupa mzima utaonekana mwepesi. Kazi yake ni kutafuta pingili iliyobonyea: upungufu wa kimo wa asilimia 20 hadi 25 ni hatua ya kwanza, 25 hadi 40 ya pili, zaidi ya 40 ya tatu. Mwenye pingili au nyonga iliyovunjika kwa anguko la kawaida ana osteoporosisi hata alama ya T ikiwa −1.5. Mashine ndogo za DXA za kigasha ni heri kuliko kisigino, kwa kuwa angalau hupima madini. HR-pQCT, CT ndogo ya mikono na miguu inayoona vijiti vya mfupa kwa mikromita 61 kwenye kifundo cha mkono na cha mguu, ni ya watafiti.

Kisha kuna kile kinachoitwa kipimo cha mwili mzima: unashika fimbo ya chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa kurasa kadhaa zenye ini, figo, homoni na "msongamano wa mifupa". Hakipimi mfupa. Hakuna mionzi, hakuna mawimbi, hakuna kinachopita kwenye nyonga yako. Mara nyingi muuzaji wa virutubisho amekaa meza hiyohiyo.

Ukienda kupima

Wanaohitaji DXA mapema ni mwanamke wa miaka 65 na kuendelea, aliyekoma hedhi mapema, aliyevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, aliyetumia prednisolone ya miligramu 5 au zaidi kwa siku kwa miezi mitatu, na aliye kwenye dawa za kufubaza virusi zenye tenofovir disoproxil akiwa na hatari nyingine juu yake. Dawa hiyo hupunguza mfupa asilimia 1 hadi 3 zaidi katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza, kisha upotevu hutulia. Isiachwe kwa sababu ya makala kama hii. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza, na sehemu kubwa hurudi mtu akiiacha.

Kama umekunywa bariamu au kudungwa dawa ya CT, subiri wiki mbili. Kidonge cha kalsiamu kisimezwe siku hiyo; ambacho hakijayeyuka huonekana kama mfupa juu ya L3. Nguo isiwe na zipu, kifungo cha chuma wala sidiria yenye waya. Omba karatasi iliyo na picha zote na jina la mashine, si ukurasa wa muhtasari tu, na uihifadhi, kwa kuwa baada ya mwaka mmoja au miwili utarudi kwenye mashine hiyohiyo na fundi atahitaji kuweka mistari palepale.

Na shanga za kiunoni. Za kioo huonekana kwenye picha kama mkufu mweupe unaokatisha L4, na fundi wa kiume huona haya kuuliza. Zisogezwe chini hadi mapajani wakati wa mgongo, na juu hadi tumboni wakati wa nyonga. Hakuna haja ya kuzikata.